Kupiga picha za sayari kutoka uani kwako, chini ya anga la ikweta

Kila anayechungulia kwenye darubini yangu kwa mara ya kwanza huuliza mbona Mshtarii inachezacheza. Ipo pale, duara dogo la rangi ya maziwa lenye michirizi miwili ya kahawia, lakini inatikisika kama sarafu iliyozama kwenye ndoo ya maji. Wengi hudhani wamegonga stendi. Hapana, ni hewa. Juu ya paa lako kuna kilomita nyingi za hewa ya joto na ya baridi zikipishana, na kila tabaka linapinda mwanga kivyake. Mpiga picha za sayari anashindana na hewa hiyo kuliko anavyoshindana na kitu kingine chochote, na karibu kila ninachoeleza hapa chini kinarudi kwake.

Ndiyo maana hatupigi picha moja. Tunarekodi video ya dakika mbili tatu yenye maelfu ya fremu, kisha tunaiachia kompyuta ichague zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia kidogo na kuzirundika ziwe picha moja. Mwaka 1978 mwanasayansi wa Marekani, David Fried, alikokotoa uwezekano wa kuibuka na fremu ya bahati ya namna hiyo. Watu wa kawaida walianza kufaidi hesabu hiyo miaka ya 2000 mwanzoni, pale kamera ndogo za kompyuta zilipokuwa rahisi kununua.

Jambo moja la kukutuliza: taa za mjini hazina neno hapa. Anayetaka picha ya Kilimia au njia ya maziwa lazima akimbilie porini, lakini sayari zinang'aa kiasi kwamba Kariakoo na Serengeti ni mamoja.

Chagua sayari, kisha usiku wake

Sayari zilizo mbali na Jua kuliko sisi huonekana kubwa zaidi Dunia inapopita katikati yao na Jua. Kwa Mshtarii hilo hutokea kila baada ya miezi 13 hivi, Zohali kila baada ya mwaka mmoja na wiki mbili, na Mirihi kila baada ya miaka miwili na zaidi ya mwezi. Tarehe za kuandika kwenye kalenda: Zohali 4 Oktoba 2026, Mshtarii 10 Februari 2027, Mirihi 19 Februari 2027. Huhitaji kuubana usiku wenyewe. Mwezi mmoja kabla au baada bado ni mavuno mazuri.

Anza na Mshtarii. Upana wake angani ni kama sekunde 45 za tao (Mwezi mzima ni kama 1,800), ina mikanda, ina Doa Kubwa Jekundu, na ina miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, ambayo hubadili mpangilio wake ndani ya saa chache tu. Zohali ni hafifu zaidi lakini ina pete. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeuzia ukingo zikawa kama uzi. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mirihi ya 2027 nakuambia mapema isikuvunje moyo: itakuwa na upana wa sekunde 14 tu, wakati katika miaka yake bora hufika 25. Zuhura inang'aa kupita zote, ila utakachopata ni hilali nyeupe isiyo na alama yoyote.

Kuhusu majina, nitumiapo Zohali nina maana ya sayari yenye pete zinazoonekana, kama mabaharia na wanajimu wa pwani walivyoiita tangu zamani. Vitabu vingine vya shule viliiita hiyo Sarateni na jina la Zohali vikalipeleka kwa Uranus. Mkiwa wawili darubinini, mmoja wa pwani na mwingine wa kitabu, malizeni ubishi huo kabla hamjaanza kutafuta.

Tulichopewa sisi bure

Sayari zote husafiri kwenye ukanda mmoja wa anga, na ukanda huo unapita juu ya vichwa vyetu. Mtu wa London anaweza kukaa miaka kadhaa akiona sayari moja ikitambaa nyuzi 15 tu juu ya paa la jirani, akiitazama kupitia hewa nzito ya upeo wa macho. Nairobi, sayari inapofika kilele chake cha usiku huwa haipungui nyuzi 60 kutoka ardhini. Dar es Salaam ni karibu hivyohivyo, kama 58 ikizidi kuwa chini. Kadiri sayari inavyopanda ndivyo hewa ya kupenya inavyopungua. Wenzetu wa kaskazini hununua kifaa maalumu cha kurekebisha rangi zinazochanganuka sayari inapokuwa chini, ukingo mmoja mwekundu na mwingine wa buluu. Sisi pesa hiyo tunabaki nayo.

Wala usikubali kuambiwa kwamba joto na unyevu wa pwani vinazuia kazi nzuri. Christopher Go ni mkazi wa Cebu, Ufilipino, mji wa bahari ulio nyuzi 10 tu kaskazini mwa ikweta. Februari 2006, kwa darubini ya inchi 11, aligundua kwamba doa moja la Mshtarii lililokuwa jeupe kwa miaka limegeuka jekundu, na wanasayansi wenye darubini kubwa wakalifuata baada yake.

Kaskazi tulivu ya Januari na Februari, na miezi mikavu ya Juni hadi Septemba kwa walio bara, ndiyo misimu ya kazi. Masika itumie kusafisha vifaa.

Darubini, na kwa nini si ile yenye vizito

Pesa yako yote ya mwanzo ipeleke kwenye upana wa kioo. Milimita 114 itakupa mikanda ya Mshtarii na pete za Zohali. 150 ni nzuri. 200 itakutosha kwa miaka mingi. Ukiona boksi limeandikwa "mara 525" juu ya darubini ya milimita 60, lirudishe kabatini. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya milimita za kioo, kwa hiyo hiyo ya 60 inaishia 120, na hapo ni siku ya hewa nzuri sana.

Sasa hapa ndipo miongozo ya nje inapotupotosha. Karibu yote inakuambia ununue stendi ya mhimili yenye vizito, ile inayozunguka kwa mhimili mmoja kuifuata sayari, kisha uelekeze mhimili wake kwenye Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam nyota hiyo iko chini ya ardhi. Ncha ya kusini ya anga nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na nyumba za watu, na haina nyota angavu ya kuitambulisha. Zaidi ya hayo, karibu na ikweta mhimili huo unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi hazijatengenezwa kulala hivyo: skrubu inafika mwisho, kizito kinagonga mguu wa stendi. Nimemwona mtu akiweka matofali chini ya mguu mmoja ili ailaze zaidi. Ilisimama kwa dakika tano.

Kwa hiyo chukua darubini ya kioo iliyokaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka, ile inayoitwa Dobson. Unaisukuma kwa mkono, juu-chini na kushoto-kulia, basi. Ina kasoro moja hapa kwetu: sayari ikiwa utosini kabisa, kuifuata ni kama kuzungusha ndoo iliyojaa maji, unasukuma sana kitako ili kupata kidogo angani. Rekodi sayari ikiwa kati ya nyuzi 50 na 75, kabla au baada ya kilele.

Upande wa kamera una njia mbili. Simu uliyonayo mfukoni, ikishikwa na kishikio cha plastiki kwenye lenzi ya kuchungulia, inatosha kuanza leo. Ukiwa tayari kuingia gharama, nunua kamera ndogo ya sayari inayochomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB 3, pamoja na lenzi ya Barlow ya kukuza mara mbili. Kanuni ya kupatanisha vitu hivyo: gawanya urefu wa fokasi ya darubini kwa upana wa kioo, na jibu lake liwe kati ya mara tatu na mara tano ya ukubwa wa pikseli za kamera kwa mikromita. Mfano wangu: darubini ya milimita 203 yenye fokasi ya milimita 1,200 ikiwekwa Barlow ya mara mbili inakuwa 2,400, yaani f/12. Kamera yenye pikseli za mikromita 2.9 inapatana nayo barabara, na Mshtarii inatoka na upana wa pikseli 180 hivi. Utaiona ndogo kwenye skrini. Usishawishike kuikuza zaidi ya hapo, utakuza ukungu.

Poza kioo, na uchague pa kusimama

Kioo chenye joto kuliko hewa ya nje kinainua hewa ya joto ndani ya bomba, na hewa hiyo inaharibu picha kuliko mawingu. Toa darubini nje saa moja kabla. Anayeilaza kwenye chumba chenye kiyoyozi ana tatizo la kinyume: ukiitoa ghafla kwenye unyevu wa usiku wa pwani, kioo kinaloa kama chupa ya soda. Iache kwanza kwenye chumba cha kawaida ikiwa imefunikwa, ndipo uitoe. Na ikiloa usiifute kwa kanga. Ngoja ikauke yenyewe.

Saruji na mabati hufyonza jua mchana kutwa na kulirudisha hewani mpaka usiku wa manane. Simama kwenye nyasi au udongo, na usirekodi sayari ikiwa juu ya paa la bati au juu ya jiko la mkaa la mama ntilie. Mimi nilihamisha darubini mita kumi tu, kutoka barazani hadi chini ya mpapai, na nikapata Mshtarii ambayo sikuwahi kuipata miezi mitatu nyuma yake. Kwa kawaida hewa huwa tulivu zaidi baada ya saa sita usiku na kuelekea alfajiri. Kabla ya kufungua laptopu, tazama nyota kwa macho: zikimeremeta kwa fujo kama taa za harusi, chungulia tu ufurahi, kisha ukalale.

Linganisha vioo

Darubini hii ina vioo viwili, kikubwa na kidogo, na lazima vielekeane sawasawa. Watu huiruka hatua hii kwa woga wa skrubu. Elekeza darubini kwenye nyota angavu iliyo juu, iweke katikati, kisha vuruga fokasi kidogo mpaka nyota iwe duara lenye kivuli cheusi ndani. Kivuli kikiwa katikati ya miduara, vioo vimelingana. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, zungusha skrubu za nyuma ya kioo kikubwa, robo ya mzunguko kwa mara moja, rudisha nyota katikati, tazama tena. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na ifanye upya kila baada ya darubini kupanda gari au kuvuka mlango kwa kishindo.

Ipate sayari, uvute fokasi

Darubini ndogo ya kutafutia ilinganishe mchana kwa kutazama mnara wa simu ulio mbali, upande usio na Jua. Hapa sina utani: usielekeze darubini wala hiyo ndogo kwenye Jua hata kwa sekunde moja; jicho linaungua bila kusikia maumivu. Anayewinda Zuhura au Zebaki angoje Jua lizame kabisa kwanza.

Ipate sayari kwa lenzi ya kuchungulia isiyokuza sana, iweke katikati barabara, ndipo uitoe lenzi na kuweka kamera. Usipoiona kwenye skrini, ongeza mwanga wa kamera mpaka mwisho: hata ikiwa imevurugika fokasi itaonekana kama sahani hafifu. Kwa fokasi tumia mwezi mmoja wa Mshtarii badala ya sayari yenyewe. Mwezi huo ukiwa nukta ndogo kuliko zote unazoweza kuzipata, hapo ndipo. Pita kidogo, rudi, pita tena upande wa pili, rudi. Picha itatikisika kila ukigusa gurudumu la fokasi, kwa hiyo gusa, ngoja sekunde tatu, hukumu. Kibanio cha nguo kilichobanwa kwenye gurudumu hukupa mpini mrefu wa kugusa kwa ncha ya kidole, na hakuna kifaa cha bei rahisi kilichonisaidia zaidi ya hicho.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alipoona bomba jeupe limesimama uani aliuliza, "Mwanangu, hilo nalo tanki la nini?"

"Shikamoo mama. Darubini, ya kutazama sayari. Karibu."

"Marahaba." Aliinama, akaiona Zohali na pete zake, akainuka bila neno, akaenda mbele ya bomba kukagua kama nimebandika picha. Mwache mgeni atazame kabla hujaweka kamera, kwa sababu ukishavuta fokasi hutataka mtu asogelee.

Kurekodi

Programu za SharpCap na FireCapture hupatikana bure, na yoyote kati ya hizo inafaa. Kwa Mshtarii kwenye f/12 muda wa kila fremu uwe kama milisekunde 8 hadi 10, kwa Zohali 20 hadi 30, kwa Mirihi 3 hadi 5. Muda mfupi ndio unaoigandisha hewa. Kisha pandisha geini, yaani unyeti wa kamera, mpaka sehemu angavu kabisa ya sayari ifikie asilimia 60 au 70 ya kiwango cha juu. Chenga za geini, zile nukta za fujo kwenye picha, zisikutishe. Fremu elfu moja zikirundikwa zinafutana.

Usirekodi skrini nzima. Kwa Dobson isiyo na mota ninakata ukanda mwembamba, pikseli 1,936 kwa 400, na ninaizungusha kamera mpaka sayari itembee sambamba na upande mrefu. Naiweka sayari ukingoni, naachia mkono, ngoja mtikisiko uishe, narekodi ikivuka yenyewe. Kwa vipimo vyangu safari hiyo huchukua kama nusu dakika. Nasukuma tena, narudia mara nne au tano. Kwa fremu 100 kwa sekunde, dakika moja ya ukanda huo inakula zaidi ya GB 4, basi safisha diski mapema. Laptopu iwe na chaji kamili, umeme si wa kuuamini.

Jumla ya muda ina mpaka. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 56. Ukirundika zaidi ya dakika mbili na nusu kwa darubini ya milimita 200, alama zake zinakuwa zimeshahama na zitafifia. Zohali na Mirihi zinakuvumilia zaidi, dakika nne au tano. Programu ya WinJUPOS inaweza kuurudisha nyuma mzunguko huo, lakini hiyo iache mpaka ushibe picha za kawaida.

Mwenye simu: weka lenzi ya kuchungulia ya milimita 10 hivi, gusa sayari kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga mpaka mikanda ionekane. Usiposhusha utapata taa nyeupe tu. Rekodi video kwa ubora wa juu kabisa wa simu, na usikuze kwa vidole.

Kuchambua na kurundika

Fungua video kwenye programu ya PIPP kwanza. Inaiweka sayari katikati ya kila fremu, inakata mabaki meusi, inaunganisha vipande vyako vinne kuwa kimoja, na video ya simu inaigeuza kuwa muundo unaosomwa na programu inayofuata. Hiyo ni AutoStakkert, kazi ya Mholanzi Emil Kraaikamp, nayo ni ya bure. Ieleze kwamba hii ni sayari, si uso wa Mwezi, kisha iamuru ichambue. Itakupangia fremu kutoka bora hadi mbovu na kukuchorea mstari unaoshuka.

Mstari huo ndio ripoti ya hewa ya usiku ule. Ukishuka taratibu, hewa ilikuwa njema, rundika hata asilimia 40. Ukiporomoka ghafla, chukua 10 au 15 tu. Anayeanza hutaka fremu zote kwa kuona uchungu wa GB zake; matokeo yake ni sayari ya pamba. Lakini ukichukua chache mno, tuseme 100, chenga zitabaki na hutaweza kunoa. Weka vituo vya kulinganishia kwenye uso wa sayari, rundika, hifadhi kama faili ya picha ya TIFF.

Picha itakayotoka ni laini, imefifia, inakatisha tamaa. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ipeleke kwenye programu ya RegiStax, kwenye vitelezi vyake sita vya kunoa. Kitelezi cha kwanza kinanoa vitu vidogo kabisa, zikiwemo chenga, hivyo mimi huanza na cha pili na cha tatu na kurudi kwenye cha kwanza kwa tahadhari. Simama mara tu unapoona utepe mweupe ukianza kuizunguka sayari au mikanda ikiwa kama imechorwa kwa kalamu. Kisha funga, nenda kanywe chai, rudi uitazame upya. Mara nyingi nikirudi hupunguza.

Mwisho, jina la faili. Wanaokusanya picha za sayari duniani hutumia saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu za Afrika Mashariki, na sisi juu yake tuna saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo ni rahisi kujichanganya mara mbili. Mshtarii uliyoirekodi saa nne usiku Dar es Salaam au Mombasa ni ya 22:00 kwa saa ya simu, na kwenye faili inaandikwa 19:00. Ile ya saa saba usiku ni 22:00 ya tarehe iliyotangulia, na hapo ndipo hata mimi nimewahi kukosea.